Foleni ya Viko

Nyumba yetu ya kwanza haikuwa na moto. Paa la bati ilikuwa nalo, na mlango wenye komeo, na mke wangu alivisifu vyote viwili siku ya kwanza. Ya pili akauliza atapikia wapi.

Tatizo lilikuwa ukuta wa nyuma. Upande wa pili wa ukuta ule lilikuwa ghala la pamba la tajiri wangu, pale Shinyanga karibu na reli, na msimu wa ununuzi tulilala vichwa vyetu vikitenganishwa na pamba ya wilaya kwa tofali moja. Tajiri alinipa chumba bure kwa sharti moja: moto hapana. Nikabishana. Nilianza na mafiga ndani, nikashuka hadi mafiga nje, nikashuka jiko la mkaa, nikashuka kibatari. Yeye akaniacha nishuke peke yangu mpaka chini kabisa, kisha akasema, "Hapana."

Kwa hiyo mke wangu alipika ng'ambo ya reli, kwa mke wa fundi wa gari moshi, akivuka na chungu kichwani. Ugali ulifika nyumbani umepoa na una vumbi, na pamoja nao zilifika habari za mwenye jiko alivyosema leo.

"Kwetu Didia mwanamke akiolewa anapewa mafiga," aliniambia. "Mimi nimepewa ukuta."

"Ni kwa msimu tu."

"Basi nisikilize. Pamba ya msimu huu ikiisha kabla sijapata moto wangu, nakwenda kwa mama. Utanifuata ukiwa nao."

Hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili. Mimi ndiye niliyekuwa wa mara mbili, kwa kila kitu, hata chenji ya kiberiti. Baba yake nami tulibishania mahari kutwa nzima, ng'ombe kwa ng'ombe, mpaka ng'ombe wenyewe wakalala. Nilijua kwamba akirudi kwao nitaanza upya, na bei itakuwa imepanda. Lakini nisijifanye ng'ombe ndio walioniuma. Chumba kile bila yeye kilikuwa ghala dogo kando ya ghala kubwa.

Kazi yangu ilikuwa mlangoni mwa ghala. Kabla ya hapo nilikuwa upande wa Geita, nikichuuza nguo kuukuu kwa wachimbaji. Kule mgodini watu walipekuliwa wakitoka, wasije wakabeba dhahabu. Hapa niliwapekua wauza pamba wakiingia, wasije wakabeba moto. Dhahabu ni rahisi zaidi, maana mwenye nayo anajua kwamba anaiba. Mwenye kiko anajua kwamba anavuta tu.

Tajiri alikuwa amechoresha ubao mkubwa: sigara, na juu yake msalaba mwekundu. Mzee mmoja aliyekuja na mkokoteni wa punda aliutazama kwa makini, kiko kikifuka mdomoni. Sote tulimwita guku, yaani babu.

"Shikamoo guku. Hicho kiko, tafadhali."

"Marahaba. Kina nini?"

"Umeona ubao."

"Nimeuona. Wamekataza sigara. Wamefanya vizuri, sigara ni ya vijana." Akapita.

Nilipowabana sana, wakaanza kuficha. Mtu alizima kiko kwa kidole gumba, akaamini kimezimika, akakitumbukiza kwenye gunia lake lenyewe. Sasa moto wa nyasi una kelele, unamwita kila mtu. Moto wa pamba huingia kama mgeni wa kulala, unakula kimya, na kesho yake unaondoka na paa.

Aliyeugundua ni mke wangu. Katika nyumba isiyo na moto, moshi ni mgeni, hauchanganyiki na wa kwako. Alasiri moja alinijia mlangoni, kanga imefungwa kiunoni.

"Ukuta unanuka tumbaku."

"Ni wazee, wako hapa nje."

"Wazee wako nje. Ukuta uko ndani."

Tukaingia, tukapapasa magunia ya upande wetu kwa viganja, kama unavyompapasa mtoto mwenye homa. Moja lilikuwa la vuguvugu. Wapagazi wakaliburuta hadi uwanjani, tukalipasua, na katikati kulikuwa na shimo jeusi kama kiota cha ndege, ukingo wake mwekundu. Tajiri akaitisha maji. Pipa la maji ya kuzimia moto lilikuwa na tope la chini tu, kwa sababu Shinyanga wakati wa kiangazi hakuna maji ya kuzimia moto na maji ya kunywa, kuna maji. Ndoo za mchanga zilikuwa zimejaa maganda ya karanga. Tukalizika gunia lile kwa majembe, kama marehemu asiye na ndugu.

Guku akachungulia lile kaburi. "Kiko kimepona?"

Tajiri alitetemeka mpaka miwani ikateleza. "Kuanzia kesho, mvuta tumbaku hauzi hapa."

"Basi nifunge mlango," nikasema, "maana huku asiyevuta ni punda."

"Unataka nini wewe?"

"Kuni."

"Kuni za nini?"

"Za moto."

Akanitazama kama mtu aliyepigwa na jua. Nikamweleza. Katika kila mji wa Wasukuma kuna shikome, moto wa uani ambako wanaume hukaa jioni, wanavuta, wanasengenya, wanaamua kesi. Hapo hakuna anayeondoka na kiko kwenda kuzurura kwenye ghala la mtama, kwa kuwa akiondoka atapitwa na maneno. Nilitaka shikome letu ng'ambo ya mizani, upande upepo unakoelekea, pasipo na kitu cha kuungua ila wazee wenyewe. Tajiri akatoa kuni. Akatoa mbichi, lakini akatoa.

Wazee wakakaa. Tatizo likawa foleni. Iliposogea, kila mtu aliruka na kiko chake kinachowaka, akihofia nafasi yake kuchukuliwa. Kuacha gunia lishike nafasi hakukusaidia, kwani gunia la mwenzako unalisukuma kwa mguu huku ukitazama mawingu. Mpaka siku moja guku alibanwa na haja, akakiweka kiko chake juu ya ubao wa kukalia, akaenda vichakani. Aliporudi foleni ilikuwa imesogea, ila nafasi yake kati ya wa mbele na wa nyuma ilikuwa pale pale. Hakuna aliyekigusa kiko. Kitu kinachoingia mdomoni mwa mzee hakishikwi na mtu mwingine.

Nikaipata sheria yangu. Kiko kwenye ubao ndicho nafasi. Ukiitwa unapima, unaingiza pamba yako, unatoka, unachukua kiko chako. Usiye na kiko kwenye ubao hauko kwenye foleni. Asubuhi nilivihesabu viko mara mbili, na kwa mara ya kwanza havikupungua wenyewe walipokaribia mlango.

Vilichofanya ni kuongezeka. Vijana ambao hawajawahi kuvuta walinunua viko ili wapate nafasi. Mmoja alikuja na gunzi la hindi lililochomekwa bua. Wauza tumbaku wakahamia uwanjani.

"Umezuia moto kwa kumfundisha kila mtu kuvuta," tajiri akasema.

"Nje, tajiri. Wanavuta nje."

Mke wangu hakucheka. "Viko vimepewa moto, na kuni za tajiri. Mimi navuka reli."

Nikalipeleka jambo hilo kwa tajiri. Akajibu kwamba moto ule ni wa wauza pamba peke yao. Je, mke wangu anauza pamba? Nilikuwa nimemfundisha mwenyewe ugumu huo. Mabehewa yakaja, marobota yakapakiwa, ghala likaanza kutoa mwangwi. Usiku niligonga ukuta, nikasikia uwazi.

Asubuhi moja nikaamka, mke wangu hayupo. Furushi lake la nguo halipo. Chungu hakipo. Nilikwenda kazini kwa kuwa sikujua pengine pa kwenda.

Juu ya ubao, nyuma ya kiko cha guku aliyeleta pamba yake ya mwisho, ulilala mwiko wa ugali.

Yeye alikuwa kwenye shikome. Alikuwa amepanga mawe matatu pembeni ya moto, chungu kinatokota, furushi amelikalia.

Mzee mmoja alinuna. "Shikome ni la wanaume."

"Hili ni la tajiri," guku akamjibu, pua yake ikiwa imeelekea chunguni. Kisha akamgeukia mke wangu. "Binti, huo mwiko unauza pamba?"

"Unauza, guku." Akafungua kitambaa. Ndani yake kulikuwa na pamba aliyookota barabarani, iliyodondoka kwenye mikokoteni, tonge lenye ukubwa wa kuku asiyeshiba.

Guku akapima, akaenda zake. Nikauita mwiko.

"Mpishe huyo mzee," mke wangu akasema. "Mimi nasubiri."

Aliyefuata naye akapishwa. Na wa baada yake. Mchana tajiri alikuja, akautazama mwiko, akanitazama mimi.

"Zamu yake lini?"

"Ilishafika, tajiri. Anawapisha wakubwa. Amelelewa vizuri."

"Na akiwapisha wote?"

"Sheria inasema mwenye nafasi kwenye ubao ana haki ya moto. Ni sheria nzuri, ghala halijaungua."

Mke wangu akampelekea maharage kwenye bakuli, nayo yalikuwa ya moto, na sijui kama mtu yule alikuwa amewahi kula chakula cha moto uwanjani kwake.

Behewa la mwisho liliondoka, ghala likafagiliwa. Jioni nilikaa mlangoni nikingoja hukumu. Mke wangu alikuwa akikoroga.

"Pamba imeisha," nikasema, maana lazima mmoja aseme.

Akaligusa tonge lake kwa mguu. "Hii ni nini?"

Haikuuzwa msimu ule wala uliofuata. Ilikuja kuwa mto wa mtoto wetu wa kwanza, ambaye alikatazwa kabisa kusogea nao karibu na mafiga.