Spoki Ndani ya Injini ya Mama Mkwe

Cheni ya taimingi ya injini ikikaa sawa, mimi hushikwa na raha nisiyoweza kuificha. Naimba ovyo, napiga spana kama kayamba, na mwenzangu wa gereji, fundi aliyetoka ng'ambo ya mpaka, husema nimepagawa. Siku ile hapa Malaba nilikuwa nimepagawa mara mbili, kwa sababu injini niliyokuwa nikiifufua ilikuwa ya mama mkwe wangu.

Yeye ni mjane wa Busibwabo, na gari lake dogo la kizamani hubeba nyanya na vitunguu hadi sokoni. Injini ilipokufa, shemeji zangu walitaka lipelekwe kwa mafundi wa Busia mjini. Mama akakataa. "Nina mkwe fundi," akasema, "huyo ndiye nitampa." Neno hilo lilinifikia kupitia mke wangu, maana mimi na mama mkwe hatuongei. Si ugomvi, ni heshima. Kwetu mkwe wa kiume hampi mama mkwe mkono, hali naye meza moja, na wakikutana njiani mmoja hugeuka akapita kwingine. Kwa miaka tisa nilimjua kwa leso na kisogo tu. Injini hii ilikuwa nafasi yangu ya kumwambia asante. Nikiiharibu, nitakuwa nimemwaibisha mbele ya wanawe wote.

Pistoni zilikuwa zimerudi na ringi mpya. Nikavalisha cheni. Pingili tatu za cheni hiyo zimepakwa rangi, na kila moja lazima ilale juu ya alama yake kwenye magurudumu ya meno: moja chini, mbili juu. Cheni ikiruka meno, valvu zinagongana na pistoni, na kazi ya wiki nzima inakuwa vyuma chakavu. Zangu zililala zote tatu mara ya kwanza! Nilipiga kelele mpaka dereva wa trela lililokuwa kwenye foleni ya mpaka akachungulia dirishani.

Ikabaki tenshona, kidude chenye springi kinachosukuma cheni ikaze. Kabla ya kukifunga unaibana springi na kuizuia kwa kipini, na sisi hutumia kipande cha spoki ya baisikeli. Ukishakaza bolti unachomoa spoki, springi inaruka, tak! Cheni inakaza. Nilikuwa nimekaza bolti ya mwisho, mkono unaifuata spoki, mwenzangu akaita:

"Boss, kimbia! Mama mkwe wako anashuka kwa bodaboda hapo!"

Nikatoka mbio nikajibanza nyuma ya trela.

"Mwambie mkwe," nikamsikia mama akisema, "gari itapona?"

"Mwambie mama, kesho itanguruma."

Mwenzangu alisimama katikati akirudia kila neno, ingawa sote watatu tulisikiana vizuri. Halafu akaongeza ya kwake, akiniita bwana kwa Kiganda: "Mama, huyu ssebo ni fundi kabisa. Wewe ngoja tu."

Mama alipoondoka nilirudi nikakuta kava ya mbele, ile inayofunika cheni, imeshafungwa. "Nimekusaidia, boss," mwenzangu akasema. Nilifurahi hata sikuuliza swali. Nikazungusha injini kwa spana mizunguko miwili, ikaenda laini. Tukaacha gundi ya kava ikauke, na asubuhi tukarudisha rejeta na kutia oili.

Katika gereji yetu mwenye gari ndiye anayewasha injini mpya mara ya kwanza. Mama alifika saa nne, akaketi kwenye usukani, nami nikaenda zangu nyuma ya trela jingine na kifuniko cha debe ninachopangia vyombo. Nikawa navifuta huku nikiimba. Spana kumi, spana kumi na mbili, bisibisi, koleo. Mahali pa spoki palikuwa patupu.

Sikuwa nimeichomoa; ilikuwa bado ndani ya injini, na cheni haijakazwa.

"Usiwashe!" nikapaza sauti. Lakini foleni ilikuwa imeanza kusogea, matrela yananguruma, na mwenzangu alikuwa mbele ya gari akimpungia mama mkono: washa, washa. Nikakimbia. Sikukumbuka heshima wala miaka tisa. Nikapitisha mkono dirishani nikaushika mkono wa mama mkwe wangu juu ya ufunguo.

Mwenzangu alijifunika uso kwa kitambaa cha oili. Mama akavitazama vidole vyangu vyeusi juu ya vyake, kisha akanitazama usoni. Macho yake ni ya mke wangu kabisa. Aibu ilinijaa mpaka masikioni.

"Kuna waya nimesahau ndani," nikasema, nikitazama chini.

"Itoe kwanza," akajibu. "Hayo mengine wazee wataongea."

Nikafungua kila kitu upya. Spoki ilikuwa imekaa palepale, imetulia, haina habari. Nikahakikisha alama ziko sawa, nikaichomoa. Tak! Sijawahi kusikia sauti tamu hivyo, na nikacheka peke yangu.

Kesho yake saa nne mama alirudi, nami nikajificha. Akageuza ufunguo. Injini ikakohoa mara moja, ikashika, ikatulia, cheni haisikiki hata kidogo. Niliruka nyuma ya trela kama mtoto aliyefunga bao! Mwenzangu akaja mbio.

"Boss, mama anasema uingie. Mwende mpaka Adungosi na kurudi, umsikilizie gari."

"Mwambie mama, mimi ni mkwe wake."

"Nimemwambia. Amesema anataka fundi."

Nikaingia kiti cha nyuma, nikageuza uso nitazame nje. Yeye akatazama mbele, leso imefungwa vizuri, kisogo kilekile ninachokijua. Tulipita mashamba ya mihogo, tukapita bodaboda na baisikeli. Karibu na Adungosi akakanyaga mafuta, injini ikapanda bila kelele.

"Inasikika vizuri," akasema.

Na hapakuwa na mtu katikati wa kunipelekea maneno hayo.