Siku Niliyoirusha Ndege ya Bwana Kiko

Mimi hata baiskeli sijui kuendesha. Lakini ndege nimewahi kurusha.

Cheka tu. Hata mjukuu wangu Philbert, anayeniandikia haya kwenye simu yake hapa Mwanjelwa, alicheka mpaka akamwaga chai. Nikamwambia andika kwanza, utacheka ukimaliza.

Naitwa Marta Kalinga. Mwaka 1956 nilikuwa na miaka kumi na saba, yaya kwenye shamba la tumbaku la mzungu mmoja nje ya Iringa. Tulimwita Bwana Kiko, maana kiko hakikumtoka mdomoni.

Alikuwa na kindege chekundu cha viti viwili, kimoja mbele, kimoja nyuma.

Burudani yake ilikuwa kuwashukia watu. Akikuona unalima, anakuja chini na ule mngurumo mpaka unalala kifudifudi, halafu anapaa huku anacheka. Ukiamka una udongo mdomoni.

Siku moja akawashukia ng'ombe wa baba.

Baba alikuwa amesimama nyuma yao, anawavusha kijito. Ng'ombe wakachanganyikiwa, wakageuka, wakarudi mbio kule kule alikosimama.

Tulimbeba kwenye machela ya miti. Hakufika nyumbani akiwa hai.

Kwetu, mtu akikuulia ndugu, hata kwa bahati mbaya, unategemea aje msibani. Akae chini na wafiwa, atupe udongo kaburini, macho yake yaone alichofanya.

Bwana Kiko hakuja. Alimtuma mpishi wake, Silvester, alete blanketi na mfuko wa chumvi. Mama alivirudisha vyote viwili.

Shauri likafika kwa Bwana Shauri, mzungu mwenzake wa serikali aliyekuwa akiamua kesi. Halikuchukua hata muda wa kuchemsha chai.

"Ndege kupita chini si kosa," alisema. "Ng'ombe walishtuka. Hii ni ajali tu."

Wakapeana mikono mbele ya mama yangu, mjane mwenye wiki mbili.

Nyie, niliwaka. Niliwaka mpaka nikashindwa kulia.

Mama alitaka niache kazi. Nikagoma.

"Unarudi kwa muuaji kufanya nini, Marta?"

"Kulea mtoto, mama."

Uongo mtupu. Nilirudi kwa sababu nilitaka kumuumiza, ila bado sikujua kwa njia gani. Sumu niliifikiria. Niliogopa mtoto angeonja.

Sasa sikiliza.

Memsabu, mke wake, alikuwa mwoga wa ndege. Kwa hiyo kila mtoto alipopelekwa kwa daktari Mbeya, mimi ndiye nilikaa kiti cha nyuma nimempakata. Na kile kiti cha nyuma kilikuwa na fimbo ya kuongozea, sawasawa na ya mbele. Zilikuwa zimeunganishwa huko chini. Bwana akivuta ya kwake, na yangu inakuja magotini kwangu. Hata mkono wa kuongeza moto ulikuwepo pembeni yangu, na vikanyagio chini ya miguu yangu.

Kabla ya msiba nilikuwa nafumba macho safari nzima. Baada ya msiba nikaanza kuyafumbua.

Nikawa naweka kiganja juu ya ile fimbo, kidogo tu, kama unavyompapasa mtoto paji la uso kujua kama ana homa. Akipaa, najua imekwenda wapi. Akitua, najua.

Siku moja tuko juu ya mashamba ya mpunga ya Ubaruku, kiko kikazima. Akapiga kelele bila kugeuka.

"Yaya! Shika hiyo fimbo! Hapana vuta, hapana sukuma!"

Nikashika. Alihangaika na kiberiti, na ndege ikaendelea kunyooka mikononi mwangu.

"Mzuri," akasema. "Hata nyani iko naweza."

Nikaiachia fimbo. Lakini siku ile nilijua nitamlipa kwa kitu gani.

Ikaja Jumamosi ya mashindano ya farasi. Wazungu wote walikuwa uwanjani kule mjini, mahema meupe, meza za chai, akina mama na makofia yao. Silvester aliazimwa kwenda kuwapikia, na vibarua walipewa mapumziko. Memsabu na mtoto walikuwa wamesafiri Nairobi.

Bwana Kiko hakwenda. Wiki ile alikuwa amegombana na wenzake klabuni kwa sababu ya farasi, akaapa mbele ya kila mtu kwamba atakuja na ndege kuwaangushia mahema yao. Hata wahudumu walisikia. Siku yenyewe ilipofika alikunywa tangu asubuhi, akalala barazani na buti zake, mdomo wazi.

Nilikuwa namenya viazi. Nikamtazama. Nikautazama ule mdomo. Halafu nikakitazama kisu.

Nikakiweka chini na kwenda kwenye ndege.

Nilikaa kiti chake cha mbele. Nikabonyeza kile kitufe nilichomwona akibonyeza mara nyingi. Ikanguruma, na mimi nikapiga ukelele. Baada ya hapo ilikuwa vurugu tupu. Miguu yangu haikuvijua vikanyagio vizuri, basi nikaenda upogo kama mlevi, nikafyeka tumbaku mstari mzima. Nikavuta fimbo. Nikahisi makalio yamekuwa mepesi, ardhi haipo.

Babu wee! Nilimwita baba kwa jina lake.

Mji niliufuata kwa barabara. Mahema yakaonekana. Nilitaka kitu kimoja tu: Bwana Shauri alale kifudifudi, ale udongo, kisha aniambie kama kupita chini si kosa.

Nikasukuma fimbo.

Wacha wee! Farasi wakakata kamba. Meza zikapinduka. Makofia yakaruka. Nikageuka kwa shida, nikarudi tena, chini zaidi. Watu walikuwa wamelala chini wote, wanene kwa wembamba, na katikati yao suti nyeupe ya Bwana Shauri imeingia kwenye mavi ya farasi.

Nilicheka peke yangu angani. Nasema ukweli wangu, sijawahi kucheka vile tena.

Nikarudi shambani kwa barabara ile ile, lakini kutua ndiko kulinitoa jasho. Niliigonga ardhi, ikanirusha, nikaigonga tena, gurudumu likachomoka, ndege ikaingia kwenye tumbaku na kuinama upande. Nikatoka mbio mpaka jikoni. Nikashika kiazi. Kikaniponyoka, nikakiokota, nikaendelea kumenya.

Ule mshindo ulimwamsha Bwana Kiko. Akaenda anayumba, anatukana, akapanda ndani ya ndege yake kutazama kimeharibika nini.

Humo humo ndimo walimomkuta.

Magari yalikuja kwa kasi, vumbi mpaka mlangoni. Bwana Shauri mbele na askari. Injini bado ya moto, na mwenyewe yuko kwenye kiti, ananuka pombe.

"Hapana mimi!" aliwapigia kelele askari. "Mimi nililala!"

"Nani basi?"

Akageuza shingo huku na huku. Shamba lote hapakuwa na mtu ila mimi mlangoni pa jiko, na majani ya tumbaku yamenasa kwenye gauni langu. Nikaona uso wake unabadilika. Alijua. Akaninyooshea kidole.

"Ni yaya! Yaya aliirusha!"

Wote wakageuka kunitazama. Kisha wakacheka, wote, mpaka askari. Bwana Shauri alikuja karibu yangu, suti bado ina mavi.

"Wewe," aliniuliza, "unaweza kurusha ndege?"

"Ndege gani, Bwana?" nikasema.

Wakamchukua.

Silvester alirudi jioni macho yamemtoka. "Marta, leo uwanjani kimenuka! Bwana amekuja kutuua!"

"Ulimwona?"

"Nimwone wapi, dada? Nani aliinua uso?"

Siku ya hukumu mimi na mama tulikaa nyuma kabisa. Bwana Shauri alisoma kwa sauti kubwa, mkalimani akafuata: kuwashukia watu na ndege ni kosa kubwa, watu wangeweza kufa pale, hakuna mtu mwenye akili asiyelijua hilo. Kifungo, na asiguse ndege tena maisha yake.

Nilidhani nitafurahi. Nilifurahi, ndiyo, kwa dakika moja.

Halafu maneno yakaniingia. Hakuna asiyelijua hilo. Kumbe hata siku ile ya baba walijua. Hawakukosea hesabu ya sheria, walijua kabisa, na wakapeana mikono. Imewachukua chai iliyomwagika na makofia kulisema. Nililia mpaka mama akanifunika na kanga yake, watu wakidhani namlilia bwana wangu.

Walipomtoa alisimama mbele yangu.

"Nani alikufundisha?" akauliza polepole.

"Wewe. Nilikuwa nimekaa nyuma yako."

Watu huniuliza kama nilimsamehe. Hapana. Mchungaji ameshaniombea sana, namshukuru, lakini hapana.

Na kama umesoma mpaka hapa, chukua hili. Nyumbani kwako au kazini kwako yupo mtu unayemfanya hayupo. Unafanya mambo yako mbele yake, unasema mbele yake, unaumiza wa kwake kisha unamwagiza chai. Mheshimu huyo. Yeye anakuona kila siku, na siku akikugeuka, utamtaja na hakuna atakayekuamini.