Waliozaliwa Januari Mosi

Niliporudi Juba kutoka Kampala, nilipata kazi katika ofisi ya ndege pale mtaa wa Thongpiny. Kazi yangu ilikuwa kujaribu programu ya kukatia tiketi kabla haijaanza kutumika. Programu yenyewe ilikaa ng'ambo, ndani ya kompyuta kuu, mashine moja kubwa inayohudumia ofisi nyingi kwa pamoja. Sisi tuliiona kupitia skrini nyeusi yenye herufi za kijani.

Aliyenifundisha alikuwa Mkenya wa makamo, mtu mpole, niliyemwita Mwalimu. Alinipa programu ya kulinganisha mafaili mstari kwa mstari, na daftari.

"Andika kwanza unachotarajia kuona," alisema, "ndipo ubonyeze. Ukibonyeza kwanza, macho yatakubali chochote."

Toleo jipya lilipokuja, majaribio yote yalipita. Lakini majina tuliyotumia yalitungwa huko ng'ambo, hayakufanana na ya watu ninaowajua. Nikaingiza abiria wawili: mama yangu na mama mdogo, mabinti wa ndugu wawili wa kiume. Wote wawili walirithi jina la bibi yao, na jina lao la mwisho ni la babu. Walipoandikishwa kambini Uganda, hakuna aliyejua siku walizozaliwa, basi karani akawaandikia wote Januari mosi, mwaka mmoja.

Kwenye daftari niliandika: abiria wawili. Kwenye faili la abiria alitoka mmoja. Programu ilimfuta mama mdogo kimyakimya, ikidhani mtu mmoja ameandikwa mara mbili.

Nikampigia meneja wa programu, naye alikuwa ng'ambo.

"Data yako ni mbaya," alisema. "Watu wawili wawe na jina moja na siku moja ya kuzaliwa?"

Mwalimu akaweka simu kwenye spika, akamwita askari wa geti.

"Mzee, ulizaliwa lini?"

"Mimi iko Januari moja."

Akamuuliza mama anayetupikia chai.

"Hata mimi," alicheka. "Na bwana yangu, na dada yake."

Dereva naye vilevile.

"Ofisi nzima?" meneja akauliza, sauti imeshuka.

"Karibu nusu ya watu ninaowajua," nikamjibu.

Toleo lile likazuiwa. Baada ya wiki tatu lilirudi, safari hii likilinganisha abiria kwa namba ya pasipoti pia. Nilirudia majaribio yote tangu la kwanza, siku mbili nzima. Abiria wangu wawili wakatoka wote. Mwalimu alisoma daftari langu ukurasa kwa ukurasa, akasema, "Khalas, basi, imepita," akaweka sahihi.

Kisha meneja akaniomba niandae majina ya majaribio kwa ofisi nyingine pia. Asubuhi moja nikaenda Hai Jalaba, mtaa wa maduka, duka kwa duka, nikiwauliza wafanyabiashara wanavyoandika majina yao. Walinivutia viti, wakanihadithia nani aliwapa majina hayo. Nilirudi ofisini mchana nimechelewa, daftari limejaa.