Basi Lililosingiziwa

Mpaka leo nikisikia mtu anatumia nusu ya somo kufunika uzembe, damu inanichemka. Nilirithi hasira hiyo kwa baba yangu, Salehe, fundi saa wa Tinde.

Mwaka 1982 alimtengenezea dereva wa basi, Bashiri, saa ya mkononi. Haukupita mwezi ikaanza kuchelewa dakika kumi kila siku. Bashiri hakuja kulalamika; alikuja kumfariji. Alisema amepakia wanafunzi wa sekondari, wakamweleza kuwa saa ikisafiri huenda polepole. Kwa hiyo kosa si la fundi, ni la basi. Watu barazani wakacheka, na kesho yake soko zima likasema saa za Salehe ni za kukaa nazo nyumbani.

Baba hakumaliza hata chai. Alimwendea Pantaleo, mwalimu wa fizikia wa wanafunzi wale, akamuuliza kwa nini anamharibia jina. Mwalimu alimwomba radhi, akamweleza kuwa watu wanaokwenda kwa mwendo tofauti huweza kutofautiana kuhusu muda wa safari.

"Lakini saa aliyoivaa msafiri, tangu anaondoka hadi anarudi, inasoma kiasi kimoja," alisema. "Anayemtazama awe nani, aende mbio vipi, akipiga hesabu vizuri atakifikia hichohicho. Ndiyo maana wataalamu wanautumia muda huo. Saa iliyo nzima haidanganyi, mzee wangu. Inapima muda wa aliyeivaa."

Kuhusu basi, alisema Bashiri angeendesha hadi uzeeni na tofauti isingefikia kupepesa jicho.

Baba alirudi anafoka. Akamwita Bashiri, akaifungua saa mbele ya walewale waliocheka. Aliinama na lenzi yake. Mafuta yalikuwa yameganda kama uji wa jana. Mwaka ule mafuta ya saa hayakupatikana madukani, naye alitia ya cherehani. Hasira yote ikamgeukia mwenyewe.

"Basi halina kosa," alisema. "Mafuta nilitia mabaya, na nilijua."

Bashiri alimnong'oneza aache, watu wameshaamini ni basi.

"Ndicho kinachoniudhi," baba akamjibu. "Utatangaza kila kituo kwamba wote niliowatengenezea saa mwaka huu wazirudishe."

Zikarudi thelathini na moja. Kumi na tisa zilikuwa za watu ambao walikuwa hawajawahi kupanda basi.