Mbegu ya Maharage Kichwani

Mwanangu, redio ikitangaza kwamba hali ni shwari, mimi huizima mpaka leo. Nawe sasa una simu, kila mtu anakuuliza habari, na unajibu haraka mno. Kaa hapo nikwambie. Chai ikipoa tutaipasha.

Nakumbuka mwaka ule wanajeshi wa Burundi walipoipindua serikali, watu wakavuka mto Malagarasi wakajaa kwetu Kibondo. Nilikuwa mwalimu kijana, Muha wa kijiji cha Kitanga, na Kirundi nakisikia kama Kiha cha nyumbani. Kiingereza nilikuwa nacho kidogo, majivuno tele. Bwana mmoja wa ubalozi alipokuja kupima kama mapinduzi yale yatashika au yatavunjika, nikachukuliwa niwe mkalimani wake. Weee! Nilivaa shati jeupe, nikapanda gari lile, nikajiona nami balozi.

Tulisimama barabarani, wakimbizi wakipita. Bwana akauliza, hawa watarudi kwao lini? Nikalitafsiri swali. Mama Skola, mjane niliyepanga chumba kwake, alikuwa hapo akiwagawia watu uji. Akanishika mkono.

"Mwana wanje, mwanangu, mwambie mgeni awatazame vichwani. Huu ni mwezi wa kupanda, na wamebeba mbegu ya maharage. Mkulima akikimbia na mbegu mwezi huu, ujue hategemei kurudi. Huko bado watu wanauawa."

Niliona aibu. Nimpelekee mtu wa ubalozi habari za maharage?

"Anasema nini?" akauliza bwana.

"Anakusalimu," nikajibu. Kisha nikamweleza niliyoyasikia redioni, kwamba wanajeshi wametuliza nchi na njia ziko wazi. Akaandika. Nikaitazama kalamu yake ikienda, nikamwacha aandike. Dalili ya mvua ni mawingu, nami niliyaona nikafumba macho.

Alasiri hiyo akanijia Leonsi, kijana Mrundi tuliyezoeana. Alikuwa amemwacha ng'ambo ya mto mama yake, ambaye mguu mbovu ulimzuia kukimbia.

"Mwalimu, wewe umekaa na wakubwa. Nimfuate mama?"

Hapo ningesema sijui. Neno moja tu! Lakini nikasema, "Nenda. Hata ubalozi umeandika kwamba hali imetulia." Ubalozi gani, mwanangu? Maneno yalikuwa yangu mwenyewe.

Akaenda. Siku ya tatu ikafika, hajarudi. Nikawa kila nikitoka shuleni nasimama barabarani, natazama kila uso unaopita. Niliogopa kwamba hatakuja, na niliogopa zaidi mtu asije akaniuliza nani aliyemtuma.

Siku ya sita akafika mama mmoja, fimbo mkononi, furushi la mbegu kichwani. Majirani walikuwa wamemvusha kwa njia nyingine.

"Namtafuta mwanangu Leonsi," akasema. "Nimeambiwa yuko huku."

Mama Skola alinitazama, na macho yale yalinichapa kuliko fimbo. Nikamweleza yule mama yote. Hakunilaani. Aliomba jembe. Nyuma ya nyumba ya Mama Skola akapanda maharage mistari miwili, akasema hii ni ya Leonsi, akija atakula.

Maharage yalikomaa, tukayavuna. Leonsi hakuja.

Kwa hiyo nisikilize. Ukipewa neno ulifikishe, lifikishe lote, hata likiwa la bibi mgawa uji. Ukiulizwa jambo la uhai wa mtu nawe hulijui, sema sijui. Hiyo si aibu. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi nimejaribu kuyazoa miaka yote hii.

Mungu akupe masikio kabla ya ulimi. Akulinde kila uendako, na kila atakayekwenda kwa neno lako, amrudishe kwa mama yake.