Fisi Wenye Bucha na Mama Mkwe Wangu

Nikianza kusifia vitabu vya katuni, watu wa hapa Nduguti hunitazama kama mtu mzima aliyekutwa anacheza kombolela. Wananivumilia kwa sababu kazi yangu ni kuandika majina ya maduka ukutani, na mchoraji husamehewa mengi. Mimi sioni aibu. Miaka hii vijana wetu wanachora hadithi nzuri mno, na kila toleo jipya nalisubiri kama wenzangu wanavyosubiri mechi.

Kuna kitabu kimoja cha muuguzi anayezunguka vijijini kwa pikipiki. Ndani yake mna ukurasa mzima wa mvua usio na neno hata moja, na bado ukiufikia unatamani kujifunika koti. Nimeutazama ukurasa huo mara nyingi kuliko picha za harusi yangu. Lakini ninachokipenda kupita vyote ni kile cha fisi waliofungua bucha kwenye mji mdogo. Fisi baba hukata nyama huku amefumba macho ili asiitamani, na wateja wanamtazama midomo wazi wakisubiri ajikate vidole. Huyo kijana aliyekichora anajua kuchora njaa. Rafiki yangu aliyeko Dar huninunulia na kunitumia kwa basi, na Mungu ambariki, maana bila yeye ningekuwa nasoma matangazo ya mbolea.

Sasa niseme kwa nini kitabu hicho cha fisi nakishukuru kuliko kitabu chochote kilichowahi kuingia nyumbani kwangu.

Mke wangu alijifungua mtoto wetu wa kwanza kwa upasuaji. Mama yangu mzazi alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo aliyekuja kumuuguza ni mama yake, kutoka Kilimatinde. Alishuka kwenye basi na mfuko wa unga wa uwele na kuku wawili, na siku ileile nyumba ikanukia uji. Nilishukuru sana. Kisha tukaanza kuishi, na hapo ndipo shida ilipojitokeza.

Katika familia ya mke wangu heshima ya ukwe bado inashikwa kama zamani. Mkwe mwanamume hakai chumba kimoja na mama mkwe wake, hali chakula mbele yake, wala hazungumzi naye uso kwa uso. Salamu nampa nikiwa nje ya mlango, nimeangalia chini, naye anaitikia akiwa ameupa mlango mgongo. Ukiishi mbali naye, utaratibu huo hauna uzito. Lakini nyumba yangu ina sebule moja na vyumba viwili. Nikiingia, yeye anabeba sahani yake na kukimbilia chumbani. Nikawa nakohoa kuanzia kwenye uzio kama mwenye kifua, ili apate muda wa kujificha. Mwishowe nikahamia kibarazani na makopo yangu ya rangi, nikila hukohuko.

Haikusaidia. Mama hakuwa na wa kuongea naye zaidi ya binti yake. Majirani zetu wakikaa kuchambua mboga wanapiga soga kwa Kinyiramba, na yeye ni Mgogo. Akatulia ndani akisikiliza kama mimi nipo au nimetoka. Haukupita muda mke wangu akaniambia mama anataka kurudi kwake, eti mbuzi wake hawana mtu. Mbuzi walikuwa na watu tele. Mama alikuwa amechoka kuishi kwa kujificha.

Mke wangu alikuwa bado hawezi kuinama wala kuinua ndoo, na kidonda kilikuwa kinamsumbua. Mama akiondoka, wa kumwogesha mtoto angekuwa mimi, ambaye nilikuwa sijawahi kushika kichanga ambacho shingo yake haijakaza. Niliogopa, nasema kweli. Na sikuwa na ruhusa ya kwenda kumbembeleza mwenyewe.

Siku moja nilikuwa kibarazani nachanganya rangi ya bango la saluni, nikasikia mke wangu anacheka huku analalamika kwamba kidonda kinavuta. Alikuwa ananyonyesha, na fisi wangu wako mkononi. Mama akamuuliza anacheka nini. Akapewa kitabu. Halafu nikasikia sauti nisiyoifahamu, nene, ya puani, inamwambia mteja kwamba nyama ni ya leo na hakuna aliyeionja. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ni mama mkwe wangu. Anamsomea binti yake, na ameamua kuwa fisi.

Alikuwa na sauti ya kila mmoja. Fisi baba alinguruma, fisi mama aliongea haraka kama mtu anayedaiwa maelezo, na mteja mbuzi alikuwa na kigugumizi. Mimi nilikuwa nimekisoma kitabu kile mara nyingi na nilidhani nakijua. Nilikaa pale na brashi mkononi, najiziba mdomo nisicheke kwa sauti nikamfukuza.

Kesho yake nilikikuta kitabu juu ya kigoda karibu na mlango. Katikati ya kurasa palikuwa na mbegu moja ya alizeti. Imewekwa kwenye picha ya fisi akiinusa mizani baada ya wateja kuondoka. Hata mimi hiyo picha huniua. Nikachukua kile cha muuguzi, nikaweka mbegu kwenye ukurasa wa mvua, nikakiacha palepale kwenye kigoda. Kikarudi na mbegu yangu haijaguswa, na nyingine imeongezwa mahali ambapo muuguzi anakausha viatu kwenye jiko la mgonjwa. Picha hiyo nilikuwa nimeipita siku zote. Nikairudia, na kweli ilikuwa nzuri.

Tukaongea hivyo, mimi na mama mkwe wangu, bila kuonana. Habari za mbuzi hazikutajwa tena.

Ndipo likaja toleo la pili la fisi. Kwa kawaida ningelisoma kwanza, lakini mke wangu alilipokea akaingia nalo ndani moja kwa moja. Jioni nikaketi kibarazani kusikiliza. Hadithi ikaenda vizuri mpaka mama mkwe wa fisi akaja kuwatembelea. Nikaanza kutoa jasho. Fisi baba, badala ya kutoka nje, akaenda kukaa naye benchi moja. Halafu akachukua mfupa kwenye sahani ya mama mkwe wake.

Sauti ya mama ikakatika. Nilisubiri, lakini hakuendelea, na taa ya chumbani ikazimwa.

Mwenye mila nyingine anaweza kuona ni mchezo wa wanyama. Mimi niliona nimempelekea mama mkwe wangu picha ya mkwe anayekula kwenye sahani ya mkwewe. Asubuhi nilipopita dirishani nikamwona anatoa begi uvunguni, na nikamsikia anamuuliza binti yake basi la Singida ni la siku gani. Basi, nikajua kimenuka.

Nikaenda sokoni nikachagua khanga nzuri, nikamwita mke wangu mlangoni. Nikamwomba amfikishie mama pamoja na maneno yangu, kwamba sikukisoma kwanza, kwamba sikukusudia, kwamba nipo chini ya miguu yake. Mke wangu akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akashika ukuta na kushika tumbo.

"Mama alijiziba kwa mto, akacheka mpaka akashindwa kusoma," akasema. "Tukazima taa kwa sababu tulikuwa tunamwamsha mtoto."

Nikauliza habari za begi. Alikuwa anatafuta sweta. Nikauliza habari za basi.

"Si ndilo linaloleta vitabu? Anataka kujua toleo la tatu linakuja lini."

Khanga ilipelekwa hata hivyo. Mama aliipokea, na ndiyo aliyombebea mtoto siku zote zilizofuata. Alikaa mpaka kidonda kikapona kabisa, mpaka mke wangu akateka maji mwenyewe, na mtoto akaanza kuangalia watu usoni. Na mimi nilifundishwa kumwogesha, kwa maelekezo yaliyopitia kwenye pazia, mama akisema na mke wangu akirudia kana kwamba mimi sikusikia.

Siku ya kuondoka nilibeba begi lake mpaka barabarani nikiwa nimetangulia mbele, kama inavyotakiwa. Basi lilipokuwa linakaribia, akasimama nyuma yangu, amegeukia upande wa mashamba. Nami nikageukia upande wangu.

"Mkwe," akasema. "Kitabu cha tatu kikija, usikifungue. Nataka nianze mimi."

Ukiacha salamu, hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyoniambia mwenyewe. Nikaitikia ndiyo mama, nikainua begi.

Kilipokuja, kilikaa mezani kwangu na karatasi yake nikikizunguka kama fisi na mizani. Sikukifungua. Nikakikabidhi kwa kondakta, kikaenda Kilimatinde, na kikakaa huko mpaka nikaanza kumlalamikia mke wangu kuhusu mama yake.

Kimerudi wiki hii, kimefungwa kwa kipande cha khanga ileile. Niliketi kibarazani nikakipekua polepole. Nilipata mbegu moja hapa, moja pale, nikicheka palepale alipocheka. Karibu na mwisho mama mkwe wa fisi amekaa kwenye benchi, amegeuza uso pembeni, na anasogea kidogo ili mkwe wake apate nafasi ya kukaa.

Hapo aliweka mbegu mbili, moja kando ya nyingine.