Dawa Namba Saba

Mnicheke tu, nimeshajicheka vya kutosha. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka Kibera na Kawangware nikiuliza watu walitumia dawa gani mwaka uliopita. Kwa kuwa majina ya dawa husahaulika, daktari aliyesimamia utafiti wetu alinipa kisanduku chenye vyumba kumi vya vidonge, kila chumba na namba yake. Mtu anaonyesha, mimi naandika. Nilitembea nacho nimekikumbatia kifuani kama mtoto.

Kule Silanga, ndani ya Kibera, Mama Akinyi anayeuza makaa hakusita hata kidogo. "Ni hii namba saba. Ilikuwa inanikwama kwa koo, lakini mgongo ulipona kabisa."

Kawangware, mzee mmoja mwenye ploti ya vyumba vya kupangisha akaapa kwamba namba saba ilimtoa homa, ila siku hizi haipatikani madukani. Niliandika yote huku nikijisifu: watu wangu wana kumbukumbu kali!

Ijumaa daktari alisoma fomu zangu, akakunja uso. "Namba saba? Hicho chumba nilikiacha kitupu."

"Si kitupu, daktari," nikambishia. "Hata mimi niliimeza mwaka jana nikiwa na malaria. Ni kali sana."

Akafungua kisanduku, akatoa kile kidonge cheupe chenye matundu manne, akakiweka kifuani pangu, pale shati lilipokuwa limeachama tangu Jumatatu. Kililingana kabisa na vifungo vingine.

Akachukua kalamu. "Na ulikuwa unameza ngapi kwa siku?"